Peugeot ya Bulaya ama kinga 28 ya babu? Safari ya Lubumbashi–Likasi, na Kolwezi Mungu akipenda

Mwana_Kamalondo

Jambo kwa wazee, jambo kwa wadada na wandugu. Itakuwa ndefu, mnisamehe.

Mwezi wa saba, wakati mvua imekwisha na baridi ya asubuhi bado inauma vidole, nataka kutoka Lubumbashi kwenda Likasi kwa kinga, yaani baiskeli. Ni kilomita kama 120. Nilale kwa shangazi, nipumzike siku moja, nirudi. Nikirudi mzima, mwaka ujao niunge na zile kama 180 za kutoka Likasi mpaka Kolwezi. Sitaki kinga mpya ya gia 21, zile ambazo pedale inapinda ukisimama juu yake. Nataka kinga mzee, chuma cha kweli.

Ziko mbili.

Ya kwanza iko kwa muuzaji wa vitu vya kontena, hatua chache kutoka soko la Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi. Ni Peugeot ya kukimbia, gido ya pembe za kondoo, gia kumi, rangi ya buluu, kibandiko kinasema Carbolite 103. Aliomba dola 150, amefika 120. Niliinyanyua kwa mkono mmoja na moyo ukaenda nayo.

Ya pili haina bei. Ni Raleigh 28 ya babu, nyeusi, freni (breki) za fito. Aliinunua Ndola, ng'ambo ya mpaka, bado anafanya kazi Union Minière, kampuni ya migodi. Tangu alipofariki imelala nyuma ya nyumba Katuba, na kuku wamefanya kiti chake kitanda. Pedale zimekwama kabisa.

Mimi naelekea Peugeot. Mnasemaje? Na zote mbili pine (tairi) zimeandikwa 28, kwa hiyo upande wa pine naona hakuna shida.

FundiWaKatuba

Mtoto, usitoe pesa bado. Na hilo neno lako la mwisho kuhusu pine tutalirudia, ndilo litakalokulaza porini.

Kwanza kadre. Rudi kwa huyo muuzaji na vitu viwili: kamba nyembamba na rula. Usiende jioni, nenda jua likiwa juu. Pitisha kidole chini ya bomba la chini, pale nyuma kidogo ya bomba la mbele linaloshika furshe. Ukisikia kivimbe, ama ukiona rangi imejikunja kama ngozi ya maziwa yaliyochemka, hiyo kinga iligonga ukuta ama gari. Hata ipakwe rangi mara tatu, kivimbe hakifi.

Kisha kamba. Funga ncha moja kwenye kidomo cha nyuma kushoto, pale eksi ya gurudumu inaposhikwa. Ivute mbele, izungushe bomba la mbele, irudishe mpaka kidomo cha kulia. Ivute ikaze. Sasa pima kwa rula nafasi kati ya kamba na bomba la kiti, kushoto na kulia. Tofauti ya milimita moja ama mbili sikatai. Ikizidi hapo, nyuma imepinda, na utasukuma kinga inayokwenda kama kaa.

Fanya hivyo hivyo kwa ile ya babu. Usiihurumie kwa sababu ni ya babu.

Bongo_255

Nawasoma kutoka Dar. Kadre ni fremu, nimeng'amua. Gido ni usukani. Furshe?

Mwana_Kamalondo

@Bongo_255 furshe ni ile uma inayoshika gurudumu la mbele. Janti ni rimu, reyo ni spoku, sheni ni mnyororo, chamberi ni tyubu. Kinga ni baiskeli yenyewe. Karibu Katanga, bukari iko tayari.

Bongo_255

Bukari ndiyo ugali, hiyo naijua. Endeleeni.

Dada_wa_Ibanda

Mimi ni wa Bukavu. Huku kwetu hakuna barabara, kuna kupanda na kushuka. Kinga 28 ya gia moja ukiileta hapa utaisukuma kuliko utakavyoipanda. Mimi ningechukua Peugeot bila kuuliza mtu. Mbele duara mbili za meno, nyuma tano, unapata ile ndogo ya mlima na ile kubwa ya tambarare. Siku hizi safari ndefu huku tumeziweka kando, kila mtu anajua kwa nini, lakini miguu haijasahau.

Jambo moja tu: angalia kile chombo kinachohamisha sheni nyuma. Kama kimeandikwa Simplex na ni cha plastiki nyeusi, kikunje kidogo kwa kidole. Ile plastiki ikizeeka inapasuka, na ikipasuka gia kumi zako zinakuwa moja.

Mwana_Kamalondo

Nimerudi kutoka kwa muuzaji. Alinicheka kuona kamba, akauliza kama napima kaburi.

Peugeot: chini ya bomba la chini rangi imejikunja. Kidogo, lakini iko. Kamba: kushoto milimita 41, kulia 45. Simplex, ndiyo, plastiki, na tayari ina ufa mwembamba kama unywele. Nilimwonyesha muuzaji, akashuka mpaka dola 90 pale pale bila mimi kufungua mdomo.

Raleigh ya babu: niliifukuzia kuku, nikaipangusa. Chini ya bomba, laini kama yai. Kamba: 52 na 53.

Dola 90 bado inaniita, nisiwadanganye.

FundiWaKatuba

Milimita nne na rangi iliyojikunja. Iache ikamwite mwingine.

Sasa pine, nilikuahidi. Neno “28” kwenye pine ni jina la ukoo, halikuambii ni mtoto yupi. Pine ya Peugeot yako ukiisoma vizuri utaona namba ndogo, pengine 28-622. Pine ya babu ni 28 x 1½, na namba yake ndogo inaishia 635. Ile 622 na 635 ndiyo kipimo cha kweli: kipenyo cha janti kwa milimita, pale pine inapokaa. Tofauti ni milimita 13. Pine ya 622 haitaingia kwenye janti ya 635 hata ukiita vijana wanne na nyundo. Ya 635 kwenye janti ya 622 itaingia vizuri sana, kisha ukijaza hewa itaruka nje na kukupasukia usoni. Na ile 28 ya kwanza katika 28-622 si inchi, ni upana wa pine kwa milimita. Ndiyo maana watu wanachanganyikiwa mpaka wanazeeka.

Sasa jiulize, umetoboka Lwisha, huko njiani, siku ya Mungu, nani atakuuzia pine? Wabeba makala (makaa ya kupikia) wote wa barabara ile wanapanda 28 x 1½, za Kihindi na za Kichina. Kila kijiji kina mtu mwenye pine moja ametundika ukutani, na chamberi yenye viraka kumi na viwili. Pine nyembamba ya 622 utaitafuta mpaka mjini, na chamberi yake ina valvu ndogo ya Kifaransa ambayo pampu ya kijijini haiishiki. Mimi nachagua kinga kwa pine inayopatikana mbali na nyumbani. Jina lililoandikwa kwenye bomba nalisoma baadaye.

Kuna na lingine, la sisi mafundi. Vikombe vya eksi ya pedale. Kinga ya Kiingereza, kikombe cha upande wa sheni kinafunguliwa kinyume, kama unakaza. Ya Kifaransa ya zamani, pande zote zinafunguliwa kawaida. Halafu Peugeot wakati fulani walihamia kipimo cha Uswisi, ambacho ukubwa ni ule ule wa Kifaransa lakini upande wa sheni umegeuka kama wa Kiingereza. Nimeona kijana mwenye nguvu akining'inia kwenye funguo nusu saa, kumbe anakaza. Na ukitaka kubadilisha, kikombe cha Kiingereza kwenye nyumba ya Kifaransa kinaingia mizunguko miwili kisha kinakwama, hesi (ile mizunguko ya skrubu) zimeliwa, kwaheri kadre.

Mwana_Kamalondo

Basi, babu ameshinda. Muuzaji nimempigia, ameniambia nimekuwa mgumu kama kamba yangu.

Papa_Mwalimu

Kijana, umefanya vema. Nikuombe kitu kimoja kabla hujaanza kufungua: safisha kikombe cha katikati cha gurudumu la nyuma kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, usikwangue kwa kisu. Kama ni cha Sturmey-Archer, watengeneza gia wa Kiingereza, utaona herufi AW, na karibu nazo namba mbili. Hizo ni mwaka kilipotengenezwa. AW ni gia tatu za ndani, walianza kuzitoa mwaka 1936. Utajua umri wa kinga ya babu bila kuuliza mtu.

Na kwa kuwa mnazungumza pine: ile pine ya hewa ya kinga, Dunlop wa Belfast aliipatia hataza mwaka 1888. Leopold, mfalme wa Ubelgiji, alikuwa amekwisha kujipatia Kongo tangu 1885. Ulaya ilipoanza kupanda kinga, mpira wa msituni ukapanda bei, na mkono uliolipa tunaujua. Babu zetu walilipia pine kabla hawajawa na kinga. Nilitaka tu kusema. Endeleeni na fundi.

Mwana_Kamalondo

Papa Mwalimu, aksanti. Nilipangusa taratibu, tope la miaka, kisha grisi iliyokuwa ngumu kama sabuni. AW. Chini yake 58. Nilikaa chini kabisa. Mwaka 1958, mji huu bado unaitwa Elisabethville, na baba yangu ana miaka miwili.

Sikujua ina gia. Kile kishikio cha kubadilisha gia kwenye gido kilivunjika zamani, na sisi watoto tulidhani mnyororo mdogo unaotoka kwenye eksi ni pambo.

Shida sasa ni pedale. Nimemimina mafuta, hazisogei. Ile pini inayoshika mkono wa pedale kwenye eksi nimeigonga kwa nyundo, kichwa chake kimeanza kulala kama uyoga.

FundiWaKatuba

Weka nyundo chini! Usiiguse tena mpaka umalize kusoma.

Hiyo pini ni klaveti. Ukigonga huku mkono wa pedale unaning'inia hewani, nguvu yote inaenda kwenye gololi na vikombe, na klaveti inapinda tu. Tafuta kipande cha bomba la maji, kirefu kutoka ardhini mpaka chini ya mkono wa pedale, chenye tundu la kutosha klaveti ikianguka iingie ndani yake. Kisimamishe juu ya saruji, si juu ya udongo. Mkono wa pedale ukalie bomba. Mtu mmoja ashike kinga wima. Nati irudishe mpaka ilingane na ncha ya klaveti, usiitoe yote, ndiyo inalinda hesi. Kisha piga pigo moja, zito, la nyundo ya kilo mbili. Pigo kumi za nyundo ndogo ndizo zinazotengeneza uyoga.

Ikikataa, mafuta ya kupenya, lala, piga kesho.

Mwana_Kamalondo

Pigo la pili. Ilitoka na mlio kama chupa inayofunguliwa, mdogo wangu akaangusha kinga juu ya mguu wake kwa furaha.

Ndani: gololi zimeota kutu, eksi bado safi. Nimeweka gololi mpya za robo inchi, kumi na moja kila upande, grisi mpya. Sheni mpya ya ½ x ⅛. Reyo za nyuma ziko 40, mbili zimekatika, mbele 32, zote nzima. Kiti cha ngozi kimepona, kuku hawakukimaliza. Swali: nimeweka kishikio kingine cha gia na waya wake, lakini gia ya tatu inaruka nikisimama kwenye pedale. Nilipiga bomba la kadre na goti, sitaki kueleza zaidi.

Injinia_Kipushi

Pole kwa goti, na kwa jirani zake. AW ina nafasi tupu kati ya gia ya pili na ya tatu, waya usiporekebishwa vizuri gia inaangukia humo na pedale inazunguka bure. Weka gia ya pili. Angalia ndani ya kidirisha cha nati ya kulia: kuna kifito kinachoshikana na ule mnyororo mdogo. Bega la kifito lilingane na mwisho wa eksi, lisizidi, lisipungue. Rekebisha waya mpaka hapo. Na ndani tia mafuta mepesi ya mashine kupitia kale katundu, kijiko kimoja, si grisi.

Kingine: nyuma una meno mangapi?

Mwana_Kamalondo

Mbele 46, nyuma 18.

Injinia_Kipushi

Nzito mno kwa mtu mwenye mzigo. Hesabu: gurudumu lako likizunguka mara moja linakwenda karibu mita 2.23. Kwa 46 na 18, mzunguko mmoja wa pedale kwenye gia ya pili unakupeleka mita 5.7. Weka 22 nyuma, inashuka mpaka 4.7. Gia ya kwanza ya AW ni robo tatu ya hiyo, mita 3.5, unapanda mlima ukiwa umekaa. Gia ya tatu inaongeza theluthi, mita 6.2, inatosha. Kwenye AW ya 58 meno ya nyuma yanashikwa na pete ya waya tu, bisibisi ndogo inaitoa. Ongeza pingili mbili za sheni.

Urefu wa kiti: vaa viatu vya safari, kaa, weka kisigino juu ya pedale iliyo chini kabisa. Mguu unyooke bila kiuno kuinama. Ukikanyaga kwa sehemu pana ya unyayo, goti litabaki na mkunjo kidogo. Wengi hapa wanakaa chini sana kwa sababu wanataka kugusa ardhi, kisha wanalaumu kinga kwa maumivu ya magoti.

Mama_Likasi

Jambo wanangu. Nimesoma yote, sasa tuache chuma tuzungumze barabara.

Malori ya shaba na kobalti hayakuoni. Hayakosi kukuona kwa ubaya, ni kwamba dereva yuko juu na amechoka. Funga kioo kidogo kwenye gido upande wa kushoto. Ukisikia mawili yanapishana, toka barabarani kabisa, simama kwenye nyasi, ngoja. Ondoka kabla jua halijatoka, lakini na taa. Mzigo wote uwe chini, pande mbili za nyuma, usibebe begi mgongoni, utafika na mgongo wa mzee.

Freni zako za fito kwenye janti ya chuma ni nzuri wakati wa kiangazi. Ikinyesha, hesabu kama huna freni. Ndiyo maana nakubali mwezi wa saba.

Na upepo wa kiangazi unatoka kusini mashariki. Kwenda Likasi utajiona bingwa. Kurudi utakumbuka maneno yangu.

FundiWaKatuba

Mimi naongeza moja, na uliandike kwenye mkono: klaveti mpya inakaa mahali pake baada ya kutembea. Kilomita 20 ama 30 za kwanza, simama, igonge tena, kaza nati. Usisahau.

Mwana_Kamalondo

Nimerudi. Nilisahau.

Nilitoka saa ambapo hata wauza mikate hawajapita. Gia ya pili karibu njia yote, upepo mgongoni, kiti cha babu kikilia kama mlango. Kila mzee niliyempita aliinua mkono, si kwangu, kwa kinga. Nilikuwa na meno 22 nyuma, yaliletwa na dereva kutoka Ndola, kule kule ilikotoka kinga. Ilipanda vizuri kuliko nilivyostahili.

Karibu na Lwisha nikaanza kusikia kok. Kila mzunguko wa pedale ya kushoto, kok. Nikajidanganya ni pedale. Kilomita tano baadaye mkono wa pedale ulikuwa unacheza upana wa kidole, na hapo nikakumbuka maneno ya fundi. Nyundo sikuwa nayo. Nilikaa kando ya barabara.

Wakapita wabeba makala watatu, kila mmoja na magunia matano, kadre zimechomelewa nondo pande mbili. Mmoja alisimama, hakuuliza kitu. Alitoa kichwa cha nyundo kisicho na mpini, kimefungwa kwenye mpira wa chamberi. Akachukua jiwe bapa kwa upande wa chini, akaweka goti, akapiga mara tatu. Kisha nati, kwa funguo aliyoikata mwenyewe kutoka kwenye bamba. Nilipoivuta mwenyewe kwa nati kwanza, alinishika mkono: gonga kwanza, nati inafuata tu, ukiivuta kwa nati utakula hesi. Kama fundi angekuwepo angemkumbatia.

Pesa alikataa. Tulikunywa munkoyo kwa mama mmoja wa pale, nililipa mimi. Aliizunguka kinga ya babu mara mbili akauliza gia ziko wapi. Nikamwonyesha ule mnyororo mdogo. Alicheka, akasema kinga yake ina gia moja, kushuka.

Nilifika Likasi jua linazama. Saa kumi na tatu njiani, kupumzika humo humo. Haijatoboka hata mara moja.

Kurudi... Mama Likasi, nilikumbuka maneno yako.

Mama_Likasi

Ulifika wapi?

Mwana_Kamalondo

Lwisha. Kutoka hapo kinga na mimi tulipanda juu ya lori la mahindi.

Dada_wa_Ibanda

Ningekuwa na Peugeot ningefika, lakini sisemi kitu.

FundiWaKatuba

Na pine ya 622 ungeitoa wapi, binti yangu?

Mwana, lete kinga Jumamosi asubuhi. Klaveti ile ilicheza kilomita tano, imekwisha kuliwa, tutaweka mpya. Na uje na nyundo yako mwenyewe, ya kukaa kwenye begi.